Matone yanaishia shavuni: dada anunue kifaa gani?

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Naishi Muheza na mama yangu mwenye umri wa miaka 71. Ana presha ya macho, yote mawili. Asubuhi na jioni anaweka dawa ya matone ya timolol, usiku ya latanoprost. Shida ni vidole: baridi yabisi imevikakamaza na dawa nyingi inamwagikia shavuni. Chupa ya mwezi mzima inakauka kabla ya wiki ya tatu. Nikitaka kumwekea mimi anakataa, anasema yeye si mtoto mchanga. Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, na huko ameona vifaa vya kila namna vya kusaidia kuweka matone. Anauliza atume kipi. Nimeulizia kwenye maduka ya dawa hapa, wananitazama tu. – Kitinda mimba, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla dada yako hajatoa hela, kaa kando, usiseme neno, mtazame mama akijiwekea dawa. Kazi hiyo ina mambo matatu: kulenga, kuminya chupa, na kulizuia jicho lisifumbe. Kila kifaa kimetengenezwa kumaliza moja au mawili kati ya hayo, na asiyejua linalomshinda mgonjwa wake hununua pambo la kabatini.

Basi tazama. Akiishika chupa kwa mikono miwili, au ikigoma kisha ikamwaga matone matatu kwa mkupuo, kinachomshinda ni kuminya. Tone likitoka vizuri lakini likatua kwenye nyusi, ni kulenga. Na likifika mahali pake likakuta kope zimeshafumba, ni kupepesa. Kwa ulivyoeleza vidole, nahisi ni kuminya, lakini mimi simwoni, wewe ndiye unayemwona.

Ukimaliza, ichukue hiyo chupa uitazame kwenye ncha. Chupa nyingi tunazouziwa huku huja ncha ikiwa imezibwa, na ndani ya kizibo kuna kimwiba. Unakaza kizibo mpaka mwisho, kimwiba kinatoboa tundu dogo la saizi yake. Watu wengi hawaambiwi. Wanatoboa kwa pini, kwa sindano ya kushonea, wengine wanakata ncha kwa wembe. Hapa kliniki naletewa chupa zinazomwaga kama birika, na mgonjwa analalamika kwamba dawa ya siku hizi haikai. Kama ya mama ilitobolewa hivyo, hakuna kifaa cha Uingereza kitakachoiokoa. Afungue mpya, kwa kizibo chake.

Tone moja kwa kila jicho linatosha. Jicho halina nafasi ya kushika zaidi ya hilo, la pili linafurika tu. Chupa ya latanoprost ya mililita 2.5 kwa kawaida hutoa matone yapatayo 80, na mama kwa macho mawili anahitaji 60 kwa siku 30. Kwa hiyo ya kupotea ipo, lakini ni kidogo.

Sasa vifaa. Kama ni kuminya, dada amtafutie kile chenye mabawa mawili mapana yanayobana ubavuni mwa chupa. Mama atayaminya kwa kiganja chote, vidole vipumzike. Kimoja kinaitwa AutoSqueeze. Kama ni kulenga au kupepesa, kampuni hiyohiyo, Owen Mumford, ina kingine, AutoDrop. Hicho kinavishwa kwenye ncha ya chupa na kukaa juu ya jicho: kina mdomo unaolishusha kope la chini, na kitundu cha kuchungulia kinacholifanya jicho litazame juu, lisione tone likija. Tone lisipoonekana, jicho halishtuki.

Kuna vile vya kuvaa kidoleni, unaweka tone kwenye kincha laini cha silikoni kisha unakigusisha kwenye jicho. Kwa mama yako sivipendi. Vinataka kidole kinachojipinda vizuri, na lazima vioshwe kila mara, la sivyo unapeleka uchafu jichoni. Kuna pia vilivyobuniwa kwa chupa ya kampuni moja tu. Xal-Ease, kwa mfano, ilitengenezwa kwa ajili ya Xalatan, ambayo ndiyo latanoprost ya kampuni iliyoianzisha. Chupa za dawa ileile kutoka viwanda vingine zina maumbo yake: duara, bapa, fupi, nene. Hapo ndipo wengi walioagiza kutoka nje wanapokwama. Piga picha chupa zote mbili za mama, rula ikiwa kando, umtumie dada kabla hajalipa. Na muuza dawa akibadilisha kampuni mwezi ujao, kijaribu kifaa upya kwenye chupa mpya.

Wakati mnasubiri mzigo, mfundishe mama hivi. Mkono wa kushoto afumbe ngumi, auweke shavuni chini ya jicho na kulivuta kope chini kidogo, mpaka kijifuko chekundu kionekane. Mkono wa kulia wenye chupa auegemeze juu ya hiyo ngumi. Mikono ikiegemeana hata inayotetemeka hutulia. Atazame dari, aminye, ncha isiguse kope wala jicho. Wa kushindwa kabisa alale chali afumbe macho, adondoshe tone kwenye kona ya jicho upande wa pua, kisha afumbue taratibu, dawa itaingia yenyewe. Tuna mzee mmoja hapa, mvuvi, mikono yake haitulii hata akishika kikombe. Hufanya hivyo kila usiku juu ya mkeka, na chupa yake inafika mwezi.

Kwenye timolol sina mzaha. Sehemu ya tone hupita kwenye kijifereji cha machozi mpaka puani, ikaingia kwenye damu. Mama akisikia uchungu kooni, ndiyo hiyo. Dawa hii inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kubana kifua cha mwenye pumu. Akishaweka, afumbe macho na kuibana kwa kidole ile kona ya upande wa pua kwa dakika mbili. Dawa inabaki jichoni inakotakiwa. Na kama ana pumu au moyo wake unakwenda polepole, daktari wake wa macho aambiwe wiki hii, asingoje kliniki ijayo. Jioni, kama timolol na latanoprost zinafuatana, zipishane angalau dakika tano, ya pili isije ikaisafisha ya kwanza.

Chupa ya latanoprost ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, chini, si kwenye barafu. Ikishafunguliwa, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Baada ya wiki nne itupwe hata kama imebaki. Ikiendelea kukaa kwenye friji, tone la baridi lina faida nyingine: mama atalisikia likigusa, hatahitaji kurudia kwa wasiwasi kwamba halikuingia.

Kuhusu kukataa kuwekewa, usishindane naye. Anayejiwekea mwenyewe haachi dozi siku ambayo wewe umesafiri. Mwambie tu kwamba kliniki ijayo aende na chupa zake na hicho kifaa, aweke tone mbele ya muuguzi. Sisi hatumwambii mtu kuwa ni mtoto. Na dada aagize viwili, kimoja kwa kila chupa, maana kuhamisha kifaa kutoka chupa moja kwenda nyingine kwa vidole hivyo ni kazi nyingine tena.