Sumu ya moshi wa mkaa: kwa nini chumba cha shinikizo?

Swali: Daktari, mimi ni tabibu wa kituo cha afya. Mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani akipewa oksijeni kwa barakoa, sumu humtoka damuni baada ya saa chache. Kwa nini basi wapo watafiti waliotumia miaka mingi kuchunguza chumba cha oksijeni ya shinikizo?

Jibu: Ndugu tabibu, kwa upande wa damu hesabu yako ni sahihi. Kaboni monoksidi, ndiyo gesi ya sumu ya moshi wa mkaa, iliyoshika hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, hupungua kwa nusu baada ya saa nne hadi tano katika hewa ya kawaida, dakika 80 hivi kwa oksijeni tupu ya barakoa, na kama dakika 20 mgonjwa akipumua oksijeni tupu ndani ya chumba chenye shinikizo mara tatu ya lile la angahewa. Lakini wapo wagonjwa wanaozinduka, wakaruhusiwa kurudi nyumbani, kisha siku au wiki kadhaa baadaye wakaanza kusahau na kuyumba, ilhali damu yao ilikwisha kusafika zamani.

Fumbo hilo ndilo alilolifuata Stephen Thom, daktari wa dharura na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, aliyehamia baadaye Maryland. Katika panya wa maabara aliona kwamba, baada ya sumu, seli nyeupe za damu hung'ang'ania kuta za mishipa ya ubongo na kuharibu mafuta ya seli zake, na kwamba oksijeni ya shinikizo huzizuia zisinate. Kisha akarudi wodini: katika utafiti wake wa 1995, wagonjwa 7 kati ya 30 waliotibiwa kwa oksijeni ya kawaida walipata madhara hayo ya baadaye, na hakuna hata mmoja kati ya 30 waliotibiwa chumbani.

Ubishi haukuisha. Utafiti wa Australia wa 1999 haukuona faida, ingawa wagonjwa wake wengi hawakurudi kupimwa, kasoro ambayo kwangu ni kubwa. Ule wa Utah, Marekani, wa 2002 ulikuta matatizo ya kufikiri baada ya wiki sita kwa asilimia 25 ya waliotibiwa chumbani, dhidi ya asilimia 46 ya wenzao waliopewa oksijeni ya kawaida.

Kwako wewe usiye na chumba hicho, anza na barakoa mara moja, wala usikiamini kipimo cha oksijeni cha kidoleni: hakitofautishi hemoglobini yenye oksijeni na iliyoshikwa na sumu, kwa hiyo kinaweza kuandika asilimia 99 huku mgonjwa hajitambui.