Mnaoanza modeli za mafuriko ya Rwenzori, angalieni saa kwanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye haya mambo ya mvua na mito ya Kasese, Uganda, kabla hujafungua HEC-HMS (programu ya kukokotoa mvua inageuka maji kiasi gani mtoni) jiulize kwanza, mvua yako imepimwa kila baada ya muda gani? Wengi wanashusha CHIRPS, yaani makadirio ya mvua ya satelaiti na vituo, ya kila siku kwa sababu ni ya bure na inaanzia 1981, wanaiingiza kwenye modeli, halafu wanashangaa mbona mto Nyamwamba haufuriki kwenye kompyuta wakati tarehe 1 Mei 2013 ulibomoa mji wa Kilembe, na Mei 2020 ukarudi tena.

Fanya hesabu hii kwa mkono, usiiachie programu. Chukua milimita 50 za mvua kwenye kilomita za mraba 10, tuseme yote inatiririka, hayo ni maji ya mita za ujazo 500,000. Yakishuka taratibu siku nzima ni kama mita za ujazo 6 kwa sekunde, mto unayabeba tu. Yakishuka kwa saa mbili ni karibu 70 kwa sekunde. Jumla ya siku ni ile ile! Na hii mito ya kwetu ni mifupi na imesimama wima, inatoka juu kabisa milimani mpaka Ziwa George lililo kwenye mita 900 na kidogo, kwa hiyo mambo yote yanaisha ndani ya masaa, data ya siku haiwezi kukuonyesha.

Basi utakimbilia IMERG, makadirio ya mvua ya satelaiti kutoka NASA, yenyewe ni ya kila nusu saa, vizuri, lakini pikseli yake ni kama kilomita 10 yani mgongo wa mlima na bonde vyote vinapewa mvua moja, na satelaiti mara nyingi inapunja mvua ya milimani. Usiitumie bila kuilinganisha na kipimamvua cha chini. Hapo ndo angalia saa tena, kipimamvua cha mkono kinasomwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo mvua ya jana jioni inasomwa leo, halafu IMERG inaandika kwa UTC, ikikuambia 15:00 hapa kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Usipozipanga hizo saa, mafuriko yako yatatangulia mvua.

Hamna kituo cha kupima mto, au kilisombwa? Nenda kwa watu. Bwera na Kilembe Kiswahili kitakusaidia lakini tafuta mtu anayeongea Lhukonzo, lugha ya wenyeji, uende naye, wazee watafunguka zaidi. Uliza mvua ilianza saa ngapi, maji yalifika saa ngapi, yaliishia wapi ukutani, pima ile alama. Mimi namwamini mama aliyehamisha watoto usiku ule kuliko namba nzuri ya Nash-Sutcliffe (alama ya jinsi modeli inavyolingana na maji yaliyopimwa), maana modeli inaweza kupata alama nzuri kwa kufuata maji ya kawaida na ile siku yenyewe ikaikosa.

Namba ya CN (Curve Number, inayosema mvua kiasi gani itatiririka kulingana na udongo na mimea) nayo usiikopi kwenye jedwali ukaiacha hivyo hivyo. Moto wa 2012 uliunguza mimea ya juu kwenye bonde la Nyamwamba, mwaka mmoja tu kabla ya mafuriko, sasa ukitumia ramani ya mimea ya zamani unaiambia modeli kuna uoto ambao haupo.

La mwisho ni mawe. Mto ule haushuki na maji matupu, unashuka na mawe makubwa na magogo, yanaziba daraja na kujaza mkondo, kwa hiyo vipimo vya mkondo ulivyochukua kabla ya mafuriko havifai tena, kapime upya. Kwenye HEC-RAS, programu ya kuonyesha maji yanafika wapi, endesha mara mbili, daraja likiwa wazi na daraja likiwa limezibwa nusu. Utaona nyumba zilizokuwa salama kwenye ramani ya kwanza zinaingia maji kwenye ya pili. Mpelekee mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ramani zote mbili, na umweleze tofauti imetoka wapi.