Ncha za kahawia kwenye mmea wa buibui: tatizo huenda ni aina ya maji, si uhaba wake

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba uko Arusha, kwamba mmea wako wa buibui unakaa sebuleni karibu na dirisha, na kwamba unaumwagilia maji ya bomba kila siku lakini ncha za majani zinazidi kukauka na kuwa za kahawia. Nami ninaishi Arusha na nimeitunza mimea hii kwa miaka mingi. Kwa maelezo yako, sidhani kwamba mmea huo una kiu.

Ukiutoa taratibu kwenye chungu utaona mizizi myeupe iliyovimba kama mihogo midogo. Humo ndimo mmea unamohifadhi maji, kwa hiyo kuumwagilia kila siku ni kuiozesha mizizi hiyo. Chomeka kidole; udongo wa juu ukiwa umekauka, mwagilia hadi maji yatokee matunduni chini, kisha umwage yaliyotuama kwenye kisahani.

Sasa tuje kwenye ncha zenyewe. Maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi itokanayo na miamba ya volkano, ile ile inayoyatia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Mmea huu hudhurika nayo upesi: floraidi hupanda pamoja na maji hadi kwenye ncha za majani, na maji yanapotoka kama mvuke floraidi hubaki, ikajilimbikiza hapo mpaka ncha ikafa. Kuyalaza maji kwenye ndoo usiku kucha, kama wengi wanavyoshauri, hupunguza klorini tu, na kuyachemsha huifanya floraidi iwe kali zaidi, kwa kuwa maji hupungua nayo haipungui. Mimi hukinga maji ya mvua za masika kwenye pipa na kuyatenga kwa ajili ya mimea ya ndani. Epuka pia mbolea ya superfosfeti, maana nayo huwa na floraidi.

Ncha iliyokwisha kufa hairudi kuwa ya kijani. Ikate kwa mkasi ukiacha ukingo mwembamba wa kahawia ili usilijeruhi jani zima, kisha uangalie majani mapya yanayochomoza katikati, kwani hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama maji ya mvua yameufaa. Ukipenda uhakika zaidi, chukua kitoto kimoja kinachoning'inia, ukiegemeze kwenye udongo wa kikopo kingine bila kukikata, ukimwagilie maji ya mvua tangu siku ya kwanza, na ukitenganishe na mama yake kikishashika mizizi.