Dada ana lupus, hajisikii kuumwa, daktari anataka mkojo kila miezi mitatu: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama kikopo cha mkojo kinaweza kweli kuonyesha kwamba lupus ya dada yako (ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mwili wenyewe) imecharuka wakati mwenyewe anajiona mzima. Kinaweza, ila ni kwa upande wa figo. Magoti yakimvimba, mkojo hautasema kitu.

Mimi naishi na lupus mwaka wa tisa huu. Mwaka wa pili nilianza kuvimba vifundo vya miguu, mkojo unatoa povu la kama sabuni. Zahanati ya mtaani wakachovya kijiti: protini mbili jumlisha, damu mbili jumlisha, chembe nyeupe zipo. "UTI," yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Sindano siku tano. Nikarudi mara tatu, nikabatizwa jina la "UTI sugu". Mraba wa naitraiti (kemikali ambayo bakteria wengi wa UTI huitengeneza) mara zote ulikuwa hasi, na hakuna aliyeotesha mkojo maabara kuona kama kuna bakteria. Naitraiti hasi peke yake haifuti UTI, sawa, lakini na protini yote ile? Chembe nyeupe ni askari, zinakwenda penye vurugu yoyote, hata pasipo na bakteria.

Aliyeshtuka ni kijana wa maabara, hospitali ya rufaa. Aliuzungusha mkojo kwenye mashine, akaweka mashapo chini ya hadubini, akaniita nichungulie. Nikaona kitu kama kipande cha mrija, rangi ya kutu, kimesheheni chembe za damu. Akasema umbo lile hufinyangwa ndani ya vijirija vya figo, kwa hiyo damu ile haikutoka kwenye kibofu. Baadaye wakachukua kinyama cha figo kwa sindano, ikathibitika kwamba lupus imeingia kwenye figo.

Siku hizi nafuatilia uwiano wa protini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwenye mkojo. Ukipita 0.5, daktari wangu hatulii. Wangu ulianzia 2.6, ukafika 0.4 baada ya karibu mwaka mzima wa prednisolone na mycophenolate, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Protini hushuka kwa kujivuta, na nyingine ni ya makovu ya zamani tu, haitaisha. Ndiyo maana daktari wangu huanza kuuliza kuhusu damu na ile mirija ya kwenye hadubini, halafu anatazama C3 na C4, protini za kinga kwenye damu ambazo mara nyingi hushuka lupus ikicharuka. CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, msiitegemee sana, kwenye lupus inaweza kuwa ya kawaida huku figo zinaungua.

Kuhusu kukinga mkojo kwenye kikopo: uwe wa asubuhi, ule wa katikati ya kukojoa, dada asiwe kwenye siku zake. Na usikae! Niliwahi kutoka nao Mbagala, foleni ikanishika, ukafikia hadubini baada ya saa tatu. Majibu yakaja safi, nikafurahi bure. Nilipotoa mwingine palepale wakaupima ukiwa mbichi, mirija ilikuwepo. Chembe na mirija huvunjika mkojo ukikaa.

Tuwekee hapa majibu yake ya mwisho, futa jina. Nataka kuona mstari wa mashapo. Kama haupo kabisa, walichovya kijiti tu.