Milioni 20 leo au milioni 26 baada ya miaka mitatu? Anza na riba

Mkuu, umesema mnunuzi wa kiwanja chako anakupa njia mbili: milioni 20 taslimu leo, au milioni 26 akulipe kwa mkupuo baada ya miaka mitatu. Wengi humu wamekushauri usubiri eti milioni 6 ni za bure. Si za bure hata kidogo.

Jiulize kwanza, hiyo milioni 20 ungeiweka wapi? Tulipouza eneo la urithi Chanika tulikutana na swali hilihili, na mimi nilipimia hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali pesa ikulipe riba. Tuchukulie riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na kila riba inayoingia unaiwekeza tena. Mwaka wa kwanza una milioni 22.4, wa pili 25.1, wa tatu 28.1. Umeshaipita ile 26.

Sasa rudi kinyumenyume. Chukua milioni 26 gawanya kwa 1.12, mara tatu, maana ni miaka mitatu: 23.2, kisha 20.7, kisha 18.5. Yaani ahadi yake kwa leo ina thamani ya milioni 18.5. Kama pesa yako ingelala kwenye akaunti inayolipa chini ya asilimia 9, hapo kusubiri kungekuwa na faida, tena kwenye karatasi tu. Mtu binafsi si serikali. Anaweza kufilisika, kufariki, au kukuzungusha. Kwa hatari hiyo mimi napigia asilimia 18 badala ya 12, yaani nagawanya kwa 1.18 mara tatu, na ile 26 inashuka hadi milioni 15.8.

Lakini usikimbilie kukataa. Sisi tulimrudia mnunuzi tukamwambia bei yako ya juu tumeikubali, ila vunja malipo. Kwa mfano wako, akitanguliza milioni 6 leo, 10 mwakani na 10 mwaka unaofuata, jumla ni 26 ileile, ila kwa asilimia 12 thamani yake leo ni milioni 22.9. Hata kwa asilimia 18 inabaki 21.7, juu ya taslimu anayokupa. Mkataba uandikwe na wakili, na usisaini uhamisho wa umiliki kabla awamu ya mwisho haijaingia benki.

Akikubali awamu, weka hapa tarehe na kiasi cha kila moja, nitakupigia hesabu yake.