Tovuti imepata alama 88, nitume kianzio?

SWALI: Nipo Tandahimba, nalima korosho. Nimeona tovuti inauza mashine za kupulizia za mgongoni kwa bei ya chini kuliko maduka ya Mtwara mjini. Inaishia na .com, ina kufuli, na nilipoipima kwenye tovuti moja ya ukaguzi imepata alama 88 kati ya 100. Wanataka kianzio cha shilingi 300,000 kwenye namba ya simu, mzigo uje kwa basi. Nitumie chombo gani kingine cha uhakika zaidi kabla sijatuma?

JIBU: Usitume. Na chombo unachokitafuta, ndugu yangu, hakipo.

Nianze na kufuli, maana ndilo linalowaponza wengi. Kufuli linasema jambo moja tu: kinachosafiri kati ya simu yako na kompyuta yenye tovuti hakisomwi njiani. Aliyekaa upande wa pili ni nani, kufuli halijui. Cheti chake hutolewa bure na Let's Encrypt tangu 2015, kinatoka kwa dakika chache, hakuna anayeuliza kitambulisho. Mwombaji anathibitisha tu kwamba jina la tovuti liko mikononi mwake. Tapeli jina analo, basi na cheti anakipata. Google waliiondoa alama hiyo kwenye Chrome mwaka 2023, kwa sababu watu waliisoma kama muhuri wa uaminifu. Bado kuna "wataalamu" wa magrupu ya WhatsApp wanaofundisha kwamba ukiona kufuli, lipa. Na wengine wanalipisha kwa ushauri huo!

Hiyo 88 nayo imehesabiwa na programu. Hakuna mtu aliyekwenda ghalani kuangalia kama mashine zipo. Programu inatazama jina lina umri gani, cheti kipo, kama mwenye jina amejificha, kama kuna waliolalamika. Ndiyo maana duka halali la Lindi lililofungua tovuti mwezi jana linaweza kupata alama mbovu, na tapeli aliyenunua jina la zamani lililoachwa na mwenyewe akapata nzuri. VirusTotal nayo, ambayo watu wanaitaja kama hirizi, inakusanya majibu ya makumi ya programu za kukamata virusi. Ni nzuri kwa viungo vyenye virusi au vya kuiba nywila. Mashine isiyokuwepo si virusi. Itakuambia safi, na hela itakwenda.

Ukitaka kukagua mwenyewe, ingia lookup.icann.org, andika jina bila www, utazame tarehe iliyo mbele ya neno Created. Wakijisifu wana miaka kumi sokoni na jina lina wiki sita, funga ukurasa. Likiwa la zamani, usitulie: lipeleke web.archive.org, panapotunzwa nakala za kurasa za zamani, uone lilikuwa la nini. Jina lililouza viatu Ulaya mwaka juzi na leo linauza vifaa vya mikorosho limebadilisha mikono. Halafu bonyeza picha ya mashine kwa muda, uitafute kwa Google Lens. Picha ileile ikitokea kwenye maduka ya nchi tatu, huenda huyo hajawahi kuishika mashine.

Jina lenyewe lisome kutokea mwisho, pale kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina. Anwani kama malipo.go.tz.mauzo-leo.shop si ya serikali hata kidogo. Mwenye nyumba hapo ni mauzo-leo.shop. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wakikutumia, kampuni inaweza kuwepo kweli, na wao wamechukua tu picha ya karatasi ya watu wengine.

Kwako wewe, kipimo kikubwa ni malipo. Kianzio kwenda namba ya mtu binafsi kwa muuzaji usiyemjua usitume, hata tovuti ingepata 100. Waambie una shemeji Dar atapita dukani leo, aiwashe mashine, alipe taslimu aondoke nayo. Wakianza "ghala letu halipokei wageni" au "ofa inaisha saa kumi", jibu umeshapata. Na hili si la mashine peke yake: salfa, mbegu, viwanja, ajira, mikopo ya simu, mtego ni uleule, na tovuti ni pambo la mlangoni tu.

Kama kuna mwenzako ameshatuma, apige huduma kwa wateja ya mtandao wake papo hapo kuomba muamala uzuiwe kabla haujatolewa kwa wakala, aende polisi, na namba ya tapeli airipoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Atakayemfuata akidai anaweza "kuirudisha hela" kwa ada kidogo ni tapeli wa pili. Meseji ya muamala asiifute. Ile namba ya kumbukumbu ndiyo atakayoulizwa kwanza.