Jibu: Nitajuaje kama kozi ya elimu maalumu inatambulika?

Mwalimu wa Tukuyu, unataka kusomea shahada ya elimu maalumu (ya kufundisha wanafunzi wenye ulemavu), na wakala wa chuo amekuonyesha barua ya ithibati, yaani ya kutambuliwa rasmi; pole na mkanganyiko. Hiyo barua ni ya chuo, na haitoshi. Chuo kinaweza kutambulika huku shahada yenyewe ya elimu maalumu haijaidhinishwa. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu, tafuta jina la kozi neno kwa neno. Halipo? Usilipe hata hela ya fomu, utakuja kukwama kwa afisa utumishi.

Uliza pia mazoezi kwa vitendo yako wapi. Mimi kozi isiyokushikisha mashine ya Braille (maandishi ya nukta ya wasioona) wala kukuingiza darasa la viziwi siiamini, hata iwe na mihuri kumi.

Kabla ya kuomba ruhusa ya masomo, muone afisa elimu maalumu wa halmashauri. Chuo Kikuu Huria kina kituo Mbeya mjini, kaulizie.